Habari Zilizomo Katika Damu

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima atazamaye mbingu hajui kwa hakika mvua itanyesha saa ngapi, walakini ajua kwamba wakati wa kuanua nafaka umefika. Tabibu aketiye kando ya mgonjwa mahututi naye hutafuta mawingu yake, na kwa zaidi ya miaka 180 ameyatafuta katika damu.

Historia ya jambo hili yaanza na maziwa. Katika mwaka wa 1780 Carl Wilhelm Scheele, mtaalamu wa kemia wa Uswidi, alipata tindikali katika maziwa yaliyochacha, nayo ikaitwa tindikali ya maziwa. Kisha, katika majira ya baridi ya 1842 hadi 1843, homa ya uzazi ilizuka katika mji wa Würzburg, Ujerumani, ikawaua wanawake waliotoka kujifungua. Daktari kijana, Johann Joseph Scherer, aliichunguza damu ya marehemu, akaikuta humo tindikali ile ile. Leo sababu yake yajulikana. Viungo vya mwili visipopata oksijeni ya kutosha hujitengenezea nguvu kwa njia ya dharura, na tindikali hiyo huzidi katika damu. Ugunduzi wa Scherer ulikuwa mkubwa, lakini wale mama haukuwafaa kitu, kwa kuwa habari ilisomwa baada ya roho kutoka.

Ilibaki kazi ya kuisoma damu mgonjwa angali hai, tena kuisoma sawasawa. Mwaka wa 1952 ugonjwa wa polio uliupiga mji wa Copenhagen, Denmark, na wengi walishindwa kupumua. Vipimo vya damu yao vilionyesha dalili ambayo madaktari waliidhania kuwa ni alkali iliyozidi. Bjørn Ibsen alikataa. Alisema kwamba damu imejaa hewa ya kaboni kwa sababu mgonjwa hapumui vya kutosha. Basi wagonjwa walitobolewa koo na kutiwa mpira, na wanafunzi wa utabibu wakaketi kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono yao. Vifo vikapungua sana. Kipimo hakikuwa kimebadilika. Kilichobadilika ni maana aliyoiona msomaji wake. Mwaka wa 1953 Ibsen alianzisha mjini humo mojawapo ya wadi za kwanza duniani za wagonjwa mahututi.

Mwaka wa 1964 Max Harry Weil na mwenzake Broder, huko Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao mzunguko wa damu umedhoofika, kadiri tindikali ya maziwa izidivyo ndivyo tumaini la kupona lipunguavyo. Baadaye ilidhihirika kwamba kupima mara moja hakutoshi. Tindikali ikishuka baada ya matibabu, hiyo ni ishara njema. Isiposhuka, tabibu hana budi kutafuta upya chanzo cha maradhi.

Elimu hii imefanyiwa kazi hapa kwetu pia. Mwaka wa 1995 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria huko Kilifi. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale waliopungukiwa na fahamu au waliopumua kwa shida. Kupumua huko kwa nguvu, mara nyingi, ni jitihada ya mwili kupambana na tindikali iliyojaa katika damu. Kwa hiyo hata muuguzi asiye na mashine aweza kuhisi habari ya damu kwa kutazama kifua cha mtoto.

Yatupasa, hata hivyo, kutambua mpaka wa elimu hii. Kipimo hupata nguvu yake kutokana na wagonjwa wengi waliotangulia, bali aliyelala kitandani ni mmoja. Kati ya watu 100 wenye dalili mbaya, hesabu yaweza kukisia wangapi watakufa, haiwezi kuwataja. Tabibu akiifanya dalili kuwa hukumu, atamwacha mtu ambaye angepona. Akiifanya kuwa mwito, atarudi kwa mgonjwa mapema, atampa hewa, dawa na uangalizi, kisha atampima tena. Mkulima aonaye mawingu haketi kuyahesabu. Huinuka akaanua nafaka yake.