Noeli Mbili za Vasco da Gama

Mabaharia wa Kireno wa karne ya 15 walisafiri na kalenda ya watakatifu kama walivyosafiri na dira. Kila siku ya mwaka ilikuwa na mwenyewe, na mara nyingi nchi iliyoonekana siku hiyo ilipewa jina lake. Msimu wa Noeli, ambao sikukuu zake hufuatana kama shanga uzini, haukuwa na uhaba wa majina. Husimuliwa kuwa kisiwa cha São Tomé, katika Ghuba ya Guinea, kilionekana tarehe 21 Desemba, siku ya Mtakatifu Tomaso, na Annobón, yaani "mwaka mwema", siku ya 1 Januari. Katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969, Roma iliihamishia sikukuu ya Tomaso tarehe 3 Julai. Kisiwa hakikuhama nayo.

Jina lililovuma kuliko yote ni Natal, neno la Kireno lenye maana ya Noeli. Tarehe 25 Desemba 1497, merikebu za Vasco da Gama, zilizong'oa nanga Lisbon mwezi wa Julai, zilikuwa zikiambaa pwani ya kusini-mashariki ya Afrika. Wapo wanahistoria wanaoona kuwa siku ile zilikuwa bado mbele ya nchi ya Wapondo, kusini zaidi. Jina likapanda kaskazini katika ramani, likawa la koloni la Waingereza mwaka 1843, baadaye la jimbo, na tangu 1994 KwaZulu-Natal. Nchi ya Wapondo imo katika jimbo jingine. Wenyeji hawakuulizwa nchi yao yaitwaje. Nani angewauliza, naye anapita kwa mbali na matanga yamejaa upepo?

Uswahilini mambo yalikwenda vingine. Wareno walifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, mkesha wa Jumapili ya Matawi, na Malindi wakati wa Pasaka, sikukuu ambayo kwa Kanisa ni kubwa kuliko Noeli yenyewe. Hata hivyo Malindi haikuitwa Pasaka. Hapa palikuwa na miji ya mawe, wafalme, wafanyabiashara na marubani, na mgeni aliyekuja kuomba rubani hakuwa na nafasi ya kuwabatizia wenyeji mji wao. Mwandishi wa shajara ya safari ile aliandika majina kama alivyoyasikia, kwa tahajia ya kuchekesha, lakini aliyaandika.

Noeli ya pili, ya 1498, iliwakuta katikati ya bahari. Waliiacha pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba bila ya kungoja kaskazi, kosa ambalo nahodha yeyote wa Malindi angewaonya nalo. Safari ikachukua karibu miezi mitatu ya shwari na pepo za mbisho. Kiseyeye kiliwavimbisha fizi hadi zikafunika meno, kikaua watu wapatao 30, na katika kila merikebu walibaki saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi. Hapakuwa na nchi ya kuipa jina.

Mwanzoni mwa Januari 1499 waliiona Mogadishu, wakaipiga mizinga. Tarehe 7, siku moja baada ya Tokeo la Bwana, walitia nanga Malindi, na wagonjwa wakaletewa machungwa waliyokuwa wakiyatamani. Wengine walikufa vivyo hivyo. Siku chache baadaye waliichoma moto merikebu yao São Rafael, yenye jina la malaika mkuu, kwa kuwa mikono ya kuiendesha ilikwisha. Waliichomea kwenye mafungu yale yale waliyoyaita kwa jina lake ilipopanda mwamba mwaka uliotangulia, mkabala wa Mtangata, kusini ya Tanga. Wavuvi wa huko hawalitumii jina hilo.

Mwisho wa mwezi wakapita karibu na kisiwa kikubwa cha Waislamu. Mwandishi wa shajara hakukitafutia mtakatifu. Aliandika: Jamgiber.