Kireka na Banda: bonde, mlima na watu wa mawe

Wandugu, kwenye grupu tumeshasoma kuhusu Nsambya, Katwe, Kisenyi na Ndejje. Zamu hii twende upande wa Jinja Road. Ukitoka mjini kwa taksi, ukapita Nakawa na Kyambogo, unafika pahali ambapo konda mmoja anapaita Banda na mwingine anapaita Kireka. Hakuna anayekosea, maana hapo ndo mpaka: upande mmoja ni Nakawa, sehemu ya jiji la Kampala, na upande wa pili ni Kira, wilaya ya Wakiso. Kwenye mpaka huo kuna mtaa unaoitwa Acholi Quarter. Kuna mlima ulioliwa kwa nyundo, na chini yake kuna bonde la Kinawataka.

Tuanze na mlima. Watu wanasema Kampala imejengwa juu ya vilima saba, lakini leo hata ukihesabu ishirini hujamaliza. Vingi vina kichwa bapa, kama meza. Sababu yake ni kwamba juu kuna tabaka la udongo mwekundu uliogeuka mgumu kama jiwe, ule ule unaomwagwa kwenye barabara zisizo na lami. Kwa miaka mingi sana maji ya mvua yalikula pembeni, yakachimba mabonde, na pale palipofunikwa na hilo tabaka gumu pakabaki juu. Kwa hiyo ni mabonde yaliyoshuka, vilima havikupanda. Chini ya udongo kuna mwamba wa zamani kabisa, na pale Banda na Kireka mwamba huo umetokeza karibu na uso wa ardhi. Hiyo tu ndiyo mali ya mahali hapa.

Mabonde yenyewe zamani yalikuwa kinamasi, yamejaa mafunjo. Maji ya Kinawataka yanakusanyika kutoka Ntinda, Kyambogo, Nakawa, Banda na Kireka, yanapita polepole kwenye mafunjo mpaka ghuba ya ndani ya Murchison kwenye Ziwa Victoria. Ghuba hiyo hiyo ndiyo Kampala inakonywea maji, kupitia mitambo ya Ggaba. Mafunjo yalikuwa yanachuja uchafu bure, bila umeme wala mshahara. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa historia. Mwezi wa pili mwaka 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Mutesa, na ikulu ya Kabaka wakati huo ilikuwa Banda. Ikulu ilikuwa mji mzima, nyua juu ya nyua, lakini yote ilikuwa ya matete, miti na nyasi. Hakuna jiwe lililobanduliwa. Kabaka alikuwa anahama kilima hadi kilima, na Stanley alipokuja mwaka 1875 alimkuta Mutesa ameshahamia Rubaga. Mlima wa Banda ukaachwa kama ulivyokuwa. Ufalme uliweza kukaa juu ya mwamba na usiuguse.

Kitu kimoja cha pembeni, lakini kinatuhusu. Speke na Mutesa waliongeaje? Speke aliongea Kihindustani na mtu anayeitwa Sidi Mubarak Bombay, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na mkalimani mwingine akakitoa Kiswahili na kukiweka kwenye Kiganda. Huyu Bombay alikuwa Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani na kupelekwa India, akaja kurudi Afrika akiwa mtu mzima. Yaani Kiswahili kilikuwa juu ya kile kilima zaidi ya miaka 160 iliyopita, mdomoni mwa mtu aliyetolewa kwao kwa nguvu. Wale wanaotuambia kwenye soko kwamba lugha yetu imekuja na sisi jana, waambieni polepole.

Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na njia yake ya kutoka Jinja inapita upande huu. Mwaka 1956 ikafika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kushuka kwa treni kwenda kuyeyushwa Jinja. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa madini ya maana, yale yenye jina kwenye vitabu, yalikuwa yanapita hapa kwenye mabehewa bila kusimama. Wa Kireka waliangalia tu. Madini yao wao hayakuwa na jina.

Watu waliokuja kuyapa kazi mawe hayo ni Waacholi. Tangu wakati wa Waingereza, watu wa kaskazini walichukuliwa sana jeshini na kwenye kazi za mikono, huku kusini kukiwa na kahawa, pamba na ofisi. Jeshi lilikuwa linatumia Kiswahili, ndiyo maana hata leo mzee Mwacholi aliyewahi kuvaa magwanda anaweza kukusalimia kwa Kiswahili safi kuliko jirani yake wa Kampala. Na ndiyo maana pia watu wengi wa hapa walikichukia Kiswahili: walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa wenye bunduki. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likakipitisha tena mwaka 2022, lakini masikio yana kumbukumbu ndefu kuliko sheria.

Januari 1986 jeshi la Museveni liliingia Kampala na kuiondoa serikali ya Tito Okello, Mwacholi. Vita vikahamia kaskazini. Alice Lakwena aliongoza watu wake mpaka karibu na Jinja mwaka 1987 akashindwa, na baadaye Joseph Kony na LRA wakaendelea kwa miaka karibu ishirini, wakiteka watoto na kukata watu. Kuanzia 1996 serikali iliwaamuru wanavijiji wa Acholi waingie kambini. Kufikia 2005 waliotolewa makwao kaskazini walikuwa kama milioni 1.8. Wengi walibaki kwenye kambi za huko huko. Wachache walipanda basi kuja Kampala, kwa ndugu, kwa askari waliowajua, kwa mtu aliyesema kuna kazi. Wengine walifika Banda na Kireka, wakakuta mwamba.

Kazi yenyewe ni hivi. Wanaume wanafanya kazi ya juu, kwenye mwamba. Wanawasha moto wa kuni au matairi ya zamani juu ya jiwe, linapata joto, linapasuka. Kisha wanaingiza mtaimbo kwenye ufa na kubandua mabonge kwa nyundo nzito. Bonge linashushwa chini, na hapo linanunuliwa na mama ambaye hana mtaji zaidi ya nyundo ndogo na nguo ya kukalia. Anakaa chini siku nzima, miguu ameinyoosha mbele, mtoto pembeni, anapiga. Jiwe analishika kwa kipande cha tairi ili lisiruke wala kuvunja vidole. Bonge linakuwa mawe ya msingi, mawe yanakuwa kokoto kubwa, kokoto kubwa zinakuwa ndogo, na kila saizi ina bei yake. Anapima kwa beseni au kwa jerikani. Halafu anangoja lori. Lori linaweza kuja leo, linaweza kuja baada ya wiki, na rundo lake linakaa hapo kama akiba ambayo hawezi kuila.

Vipande vinaruka machoni. Vumbi linaingia kifuani na halitoki, na baada ya miaka mapafu yanakuwa magumu. Ukuta wa machimbo unaweza kuanguka bila hodi. Mvua ikinyesha, mashimo yanajaa maji na watoto wanachezea pembeni. Malipo ya siku, hesabu zilizokuwa zikitajwa katikati ya miaka ya 2000, yalikuwa kama dola moja na kidogo.

Jiwe lilikuwa linaenda wapi? Liangalieni jiji. Sensa ya 1991 ilihesabu Kampala watu kama 774,000. Mwaka 2002 walikuwa kama milioni 1.19, na mwaka 2014 milioni 1.5, bila kuhesabu Wakiso iliyoizunguka jiji na kufura kuliko jiji lenyewe. Kila nyumba ya ghorofa ina zege, na kila zege lina kokoto. Vita vya kaskazini na ujenzi wa kusini vilienda sambamba, vikakutana kwenye nyundo ya yule mama. Watu waliochomewa nyumba za nyasi ndio waliolishia Kampala msingi. Mimi nafikiri hiyo ni historia ya jiji hili sawa kabisa na ikulu, makanisa na misikiti tunayoonyeshwa.

Sisi tuliotoka Kongo tukisikia neno machimbo, tunawaza dhahabu ya Kamituga, koltani ya Rubaya, kasiteriti ya Walikale. Kwetu mgodi unaleta bunduki, bunduki inaleta mbio. Kireka ni kinyume: mbio ndiyo ilileta mgodi. Hakuna aliyepigania kile kilima, kwa sababu kokoto haina soko London wala Shanghai. Ni nzito mno kusafirishwa mbali, inauzwa kwa aliye karibu. Ndiyo maana ilibaki mikononi mwa maskini, na ndiyo maana haikumtajirisha hata mmoja wao.

Hapa nawaomba wafanyakazi wa mashirika wasome taratibu. Mwacholi wa Kireka alikimbia vita kama sisi, alipoteza watu kama sisi, lakini hakuvuka mpaka. Kwa hiyo hakuwa mkimbizi. Hakuandikishwa Old Kampala, hakupewa karatasi. Uganda ilitoa sera ya waliohamishwa ndani ya nchi mwaka 2004, lakini msaada ulielekezwa kambini kaskazini. Aliyejificha mjini alionekana ni maskini wa kawaida tu aliyekuja kutafuta maisha. Oktoba 2009 viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana hapa hapa na kupitisha mkataba wa kuwalinda waliohamishwa ndani ya nchi zao. Unaitwa Mkataba wa Kampala, na Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kuuridhia. Kutoka ukumbini mpaka Acholi Quarter ni safari ya boda tu.

Jambo lililowafanya wajulikane duniani halikuwa mkataba. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipiga New Orleans. Wanawake wa Kireka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI na wakiwa chini ya shirika la Meeting Point International linaloongozwa na muuguzi Rose Busingye, walisikia habari hiyo. Wakavunja mawe, wakachanga, wakapata karibu dola 900, wakazituma Marekani. Wengi walishangaa: maskini wa Uganda wanamsaidia Mmarekani? Mimi kinachonigusa zaidi ni hesabu. Kwa malipo ya dola moja na kidogo, hizo ni siku zaidi ya mia saba za kupiga nyundo. Walitoa kwa watu waliopoteza nyumba, kitu ambacho wao walikijua.

Karibu miaka hiyo hiyo shanga za karatasi zilianza kuchukua nafasi ya nyundo. Unakata karatasi ya gazeti yenye rangi vipande vyembamba, unaviringisha, unapaka vanishi, unatunga mkufu. Shirika la Kimarekani la BeadforLife, lililoanza mwaka 2004, liliuza shanga za wanawake wa Kampala nje, na akina mama wa Meeting Point walipata wanunuzi Italia. Fedha za mikufu yao zilisaidia kupata shule ya sekondari ya Luigi Giussani pale Kireka, kwa sababu walitaka watoto wao wasome pahali watakapoheshimiwa. Shanga hazipasui jicho. Lakini soko lake liko mbali, na mnunuzi wa mbali akichoka na mtindo hakuambii. Wengine walirudi kwenye mawe.

Baada ya mazungumzo ya Juba ya 2006 bunduki zilinyamaza kaskazini, na watu wakaanza kuondoka kambini kurudi vijijini. Kireka wengi hawakuondoka. Aliyeondoka akiwa na miaka kumi alikuwa na watoto sasa, na shamba la baba lilikuwa na mtu mwingine, au lilihitaji kesi. Kubaki nako si rahisi. Nyumba ni za kupanga, na ardhi si yao. Eneo hilo lina makazi ya Kabaka, Banda na Kireka, na kila futi ya ardhi karibu na Jinja Road ina mtu anayeipigia hesabu. Mwamba nao haurudi. Ukishavunjwa umevunjwa, na mahali palipokuwa na machimbo pakisawazishwa, nyumba inapanda hapo.

Nilisema nitarudi kwenye mafunjo. Kinawataka imejazwa udongo kidogo kidogo: viwanda kwa upande wa Nakawa, maghala, gereji, vyumba vya kupanga. Kilima kilichovuliwa majani na udongo hakishiki maji tena, yanashuka mbio na vumbi la mawe mpaka bondeni, na bonde halina tena pa kuyaweka. Anayeishi chini anajua saa ya kuinua godoro. Maji yanayopita vyumbani yanaendelea hadi ziwani, bila kuchujwa kama zamani, kwenye ghuba ile ile ya Ggaba. Na baadhi yetu tumepanga huko huko chini, maana ndiko chumba kinapatikana kwa bei tunayoiweza. Kabla hujalipa miezi mitatu, muulize mama anayevunja mawe pale juu maji huwa yanafika wapi. Anajua, anayaona kutoka alipokaa.