Bibi wa Bugufi na Swali la Uraia

Bibi yangu mzaa mama alizikwa Biharamulo akiwa na umri unaokaribia miaka 90. Nasema unaokaribia kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alichojua ni kwamba wakati wa njaa kubwa ya 1943 na 1944, iliyoikumba Rwanda na Urundi, alikuwa tayari binti wa kutumwa maji.

Alizaliwa Bugufi, katika milima ya Ngara inayopakana na Burundi. Bugufi ilikuwa sehemu ya Urundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana makoloni ya Wajerumani, ikaishia Tanganyika. Lugha, koo na ndoa hazikugawanyika kwa mstari huo. Hadi leo Kihangaza na Kirundi vinasikilizana.

Aliolewa Biharamulo, mji wenye boma la Wajerumani. Alipofiwa na mume, ukoo ulimtegemea yeye. Aligawa mashamba ya migomba, alisuluhisha ndoa na aliamua fedha ya kahawa imsomeshe nani. Zaidi ya hayo, alihifadhi kumbukumbu: nani alizaliwa na nani, katika kitongoji gani, na mahari yake ilipokewa na nani.

Kumbukumbu hiyo haikuwa pambo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikazaliwa wilayani Ngara. Tangu hapo, shaka juu ya nani mwenyeji na nani mgeni haikuondoka. Mwaka 2013 ilifuata Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Mwaka huo binamu yangu mmoja, kwa sababu ya lafudhi yake, alitakiwa katika ofisi moja athibitishe uraia wake. Hakuwa na hati. Bibi alipanda basi, akaketi mbele ya mtumishi kijana, akataja baba yake, babu yake, kilima walikozikwa na majirani walio hai wa kuulizwa. Kijana yule aliandika ukurasa mzima. Binamu akarudi nyumbani.

Serikali ina haki na wajibu wa kulinda mipaka. Lakini sheria ya uraia iliyoanza na uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, iliangalia mtu alizaliwa wapi na mzazi wake alizaliwa wapi. Kwa kizazi kisichokuwa na vyeti, jibu la swali hilo limo vinywani mwa wazee, hasa wanawake waliozalisha, waliolea na waliozika. Leo vitukuu vyake wanaomba vitambulisho vya Taifa, na aliyeweza kuwatetea hayupo.

Ninapendekeza jambo lisilohitaji bajeti kubwa: serikali za vijiji katika wilaya za mpakani ziandike maelezo ya wazee wakiwa hai, mbele ya mashahidi, kwa saini au dole gumba, na maelezo hayo yapokelewe kama ushahidi.

Nawe mwanafunzi wa Ngara au Biharamulo, usingoje waraka. Likizo ijayo nenda na daftari. Mwulize bibi yako majina, vilima na majirani, kisha umsomee ulichoandika, akusahihishe.