Uzinduzi na Kuzinduka: Paul Robeson Mbele ya Filamu Yake, 1935

Kitenzi "zindua" kina historia ndefu kuliko wanavyodhani wengi wanaokitumia siku hizi. Kuzindika ni kuweka kago au kinga mahali, nyumbani au shambani. Kuzindua ni kuiondoa. Mtu aliyepotewa na fahamu akirejewa nazo, twasema amezinduka. Leo wanahabari hutuambia kila juma kwamba daraja limezinduliwa, kitabu kimezinduliwa, filamu imezinduliwa. Sina ugomvi na matumizi hayo, kwani lugha iliyo hai haikatazwi kukua. Ila ipo habari moja ya kale ambamo maana hizi mbili zilikutana katika ukumbi mmoja, jijini London, nami nataka kuisimulia. Nina sababu yangu binafsi ya kuisimulia, ambayo msomaji ataiona mbele.

Paul Robeson alizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, mwaka 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka akiwa kijana, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Mwana alisoma Chuo cha Rutgers, akasifika katika mpira wa Kimarekani, kisha akasomea sheria Columbia. Lakini dunia ilimjua kwa sauti. Ilikuwa sauti nzito, pana, isiyo na haraka. Mwaka 1928 aliimba London katika mchezo wa "Show Boat", na mwaka 1930 akacheza Othello katika jiji lilelile. Wakati ule mtu mweusi kuicheza nafasi hiyo mbele ya Waingereza halikuwa jambo dogo.

Kinachotuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili ni kwamba huko London ndiko alikoanza kuitafuta Afrika. Mnamo 1933 na 1934 alijiandikisha katika Shule ya Taaluma za Mashariki ya Chuo Kikuu cha London, akasoma fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Fikiri, msomaji: mwimbaji mashuhuri, mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, ameketi na daftari akijifunza ngeli za nomino kama mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Hakuwa na haja ya lugha hizo kwa riziki yake. Alizitaka kwa kuwa aliamini kwamba watu wake waliovushwa bahari walinyang'anywa lugha, na kwamba anayetaka kurejea nyumbani hupitia mlango wa lugha kwanza.

Akiwa katika hali hiyo ya moyo, aliletewa habari ya filamu.

Watayarishaji walikuwa ndugu wawili kutoka Hungaria, Alexander Korda na Zoltan Korda. Walitaka kutengeneza "Sanders of the River" kutokana na hadithi za Edgar Wallace. Zoltan alikuwa amekwenda Afrika na wapiga picha, akarudi na picha nyingi za ngoma, mitumbwi, nyimbo na maisha ya vijijini. Robeson alipooneshwa na kusikilizishwa hayo, moyo wake ulijaa. Hakuwa amekikanyaga kijiji chochote cha Kiafrika, na hapa palikuwa na Waafrika wa kweli wakiimba nyimbo za kweli. Aliamini kwamba filamu itawaonesha walimwengu ustaarabu ambao vitabu vya shule viliuficha. Akakubali kumcheza Bosambo.

Kijiji cha Kiafrika kilijengwa kwenye studio za Shepperton, karibu na mto Thames. Waliokijaza walikuwa watu weusi waliopatikana Uingereza: mabaharia na makuli wa bandarini, wanafunzi, watu waliokwama ugenini. Miongoni mwao alikuwamo Mkikuyu mmoja aliyekuwa akiishi London kwa shida, akidaiwa kodi ya chumba, akiandika barua na makala za kudai ardhi ya watu wake. Jina lake Jomo Kenyatta. Alivishwa mavazi ya kijijini, akasimama pamoja na wengine mbele ya kamera, akalipwa ujira wake. Jina lake halimo katika orodha ya wachezaji. Baada ya hapo alishiriki katika utafiti wa matamshi ya Kikuyu pale chuoni, akasoma mila na jamii kwa Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha "Facing Mount Kenya". Wapo wanaomcheka kwa kazi ile ya Shepperton. Mimi simcheki. Mwenye njaa ugenini hachagui vazi.

Sasa tuitazame hadithi yenyewe. Sanders ni mkuu wa wilaya, Mwingereza anayetawala makabila ya mtoni huko Nijeria. Bosambo ni mfungwa mtoro kutoka Liberia aliyejipachika uchifu kwa uongo. Sanders anamjua, anamsamehe, naye anamtumikia kwa uaminifu. Sanders anaondoka likizo, uvumi unaenezwa kwamba amekufa, na mara nchi yote inaingia katika ghasia na damu. Mkewe Bosambo anatekwa. Bosambo anakwenda kumwokoa naye anakamatwa. Sanders anarudi na meli yake, bunduki zinalia, amani inarejea, na Bosambo anatawazwa mfalme kama zawadi. Maandishi ya mwanzo wa filamu yanawasifu wazungu wachache wanaolinda mamilioni ya Waafrika. Basi zile ngoma za kweli, zile sauti alizozipenda Robeson, zimekuwa nini humo? Zimekuwa ushahidi. Mtazamaji anaoneshwa uzuri wake, kisha anaambiwa: watu hawa, bwana wao akiondoka juma moja tu, watachinjana.

Kwa mwalimu wa historia hiki ndicho kiini cha jambo. Picha za Zoltan hazikudanganya hata moja. Uongo ulitiwa katika mpangilio. Robeson mwenyewe alieleza baadaye kwamba ile sura ya kuusifu ukoloni iliingizwa katika siku za mwisho za kupiga picha, na kwamba hakuiona filamu nzima ilivyounganishwa hadi kazi ilipokwisha. Mchezaji huona kipande anachokicheza. Aliyeshika mkasi ndiye anayejua mkeka wote utafananaje.

Filamu ilizinduliwa London mwezi Aprili 1935. Husimuliwa kwamba baada ya picha kwisha, Robeson aliombwa apande jukwaani awaimbie waalikwa, naye akatoka ukumbini bila kuimba. Masimulizi haya yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama hekaya, na ni haki kuyapokea kwa tahadhari, kwa sababu miezi ya kwanza hakuikana filamu hiyo waziwazi. Mimi naona mambo hayo mawili hayapingani. Mtu anaweza kuondoka ukumbini usiku kwa uchungu, na asubuhi akaulizwa na mwandishi wa gazeti akatafuta maneno ya kujitetea, maana jina lake liko juu ya mlango kwa herufi kubwa. Aibu haiji yote kwa siku moja. Marcus Garvey, aliyehamia London mwaka huohuo, alimshambulia katika gazeti lake, akimlaumu kwa kuikopesha sauti yake kwa watu wa kuwadhalilisha weusi. Lawama hiyo ilikuwa kali, na sehemu yake ilikuwa ya haki.

Alichofanya Robeson baada ya hapo ndicho kinachonivutia zaidi kuliko ule usiku wenyewe. Mwaka 1936, alipocheza "Song of Freedom", alitaka mkataba umpe haki ya kuidhinisha filamu ilivyounganishwa mwishoni. Yaani alidai kuuona mkeka. Mwaka huohuo mkewe Eslanda, aliyekuwa akisomea mila na jamii za watu, alisafiri na mtoto wao hadi Afrika Kusini na kwetu Afrika Mashariki, akakaa Toro nchini Uganda, akayaandika aliyoyaona. Mwaka 1942 ilipotoka "Tales of Manhattan", ambamo watu weusi walichorwa tena kama wajinga wa shambani, Robeson aliilaani hadharani, na hakucheza tena filamu ya hadithi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mapambano mengine, hadi serikali ya nchi yake ikamnyang'anya pasipoti mwaka 1950 na kumzuia kusafiri kwa miaka minane.

Nimesema nina sababu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nakaribia kustaafu, vijana fulani walinijia wakitengeneza filamu fupi ya kumbukumbu kuhusu mashamba ya mkonge ya Tanga. Walitaka mtu wa kuwapeleka kwa wazee, kuuliza maswali kwa Kiswahili cha adabu, na kuyaandika majibu. Nilikubali kwa furaha. Niliwapeleka kwa wazee waliokuwa manamba, yaani wale vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, wengi wao kupitia shirika la kuajiri lililoitwa SILABU, lililoundwa mwaka 1944. Mmoja wao, Muha aliyefika Tanga akiwa kijana wa miaka ya hamsini, alituhadithia saa tatu nzima: kipande cha siku thelathini, miiba ya mkonge, kambi, jinsi mtu alivyoitwa kwa namba. Niliandika kila neno.

Siku ya uzinduzi tulialikwa. Nilimleta yule mzee, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la mwanawe. Tuliketi safu ya tatu. Alipojiona kwenye pazia jeupe alinishika mkono. Alikuwa akisema maneno niliyoyakumbuka vizuri: kambini tulivumilia, kwa kuwa kwetu kulikuwa mbali. Chini ya uso wake yakapita maandishi ya Kiingereza. Kwa Kiswahili maana yake ilikuwa: kambini tuliridhika, palikuwa kama kwetu.

Tafsiri haikuwa yangu. Ilifanywa baadaye na mtu ambaye sikumwona. Huenda ilikuwa haraka, huenda ujinga, huenda mtu alidhani wageni waliogharamia wangependa hivyo. Ukumbi ulinong'ona kwa upole, kama watu wanavyofanya wakiona mzee anafurahi. Mzee hakujua kusoma Kiingereza. Aliniinamia, akaniuliza, "Mwalimu, wameandika nilivyosema?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Picha zilipokwisha waliniita mbele, nikasimama, nikapiga makofi pamoja na wengine, nikala sambusa. Robeson, nikiyaamini masimulizi, alikuwa mwimbaji wa dunia na aliweza kuwapa kisogo waalikwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari nisiyehitaji chochote kwao, na sikuweza. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilinyamaza ili nisimharibie mzee siku yake. Sababu hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Jina langu lilikuwa limepita kwenye orodha ya mwisho, limeandikwa sawasawa, nami nilikuwa nimelipenda.

Niliwaandikia wale vijana baada ya mwezi. Walinijibu kwa heshima kwamba nakala zimekwisha sambazwa.

Nilichelewa kumwendea mzee hadi msimu wa vuli. Nilimkuta barazani kwake akichambua mahindi. Nikamweleza yote, nikataja na jibu langu la usiku ule. Alinyamaza muda, akaendelea kuchambua. Kisha akaniuliza kama filamu inaweza kurudiwa. Nikamwambia haiwezekani.

"Lakini wewe daftari unalo?"

"Ninalo, mzee."

"Basi iandike mahali pengine."

Amekwisha tangulia mbele ya haki. Daftari liko hapa mezani, na sentensi yake imo katika ukurasa wa 14, kwa mwandiko wangu wa kalamu ya bluu: "Kambini tulivumilia, mwalimu, kwa kuwa kwetu kulikuwa mbali."