Kwa nini rangi ya kwenye skrini haitoki hivyo hivyo kwenye karatasi

Umetengeneza bango kwenye kompyuta, nyekundu inang'aa. Likirudi kutoka kwa mchapaji, nyekundu imekuwa kama tofali. Mara nyingi mashine haina kosa. Namba za rangi ndizo hazikusomwa kwa jedwali moja.

Skrini hutumia mwanga wa RGB: nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikihesabiwa 0 hadi 255. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa CMYK kwa asilimia. Hata kijivu huchanganya watu, maana kwenye skrini 0 ni nyeusi tii, lakini kwenye wino asilimia 0 ni karatasi tupu.

Pantone ilitoa jedwali lake mwaka 1963, kila rangi ya wino na namba yake. Mwaka 1993 kampuni kadhaa, zikiwemo Adobe, Apple na Kodak, zikaanzisha ICC ili kuwe na muundo mmoja wa faili linaloitwa wasifu wa rangi. Faili hilo huieleza programu namba fulani inaonekanaje kwenye kifaa fulani.

Ila jedwali la Pantone lina mwenyewe. Novemba 2022, baadhi ya waliofungua kazi zao za zamani kwenye Photoshop walikuta rangi za Pantone zimegeuka nyeusi, mpaka walipie leseni. Kazi yako, rangi ya mtu!

Kabla hujapeleka kazi, muulize mchapaji anatumia wasifu upi na karatasi gani. Karatasi ya gazeti hunywa wino, kwa hiyo kijivu cha asilimia 50 hutoka kizito zaidi. Omba nakala moja ya majaribio kwanza.