Kichwa Maji Ana Historia

Wazee husema watoto wa siku hizi hawatulii kwa sababu ya televisheni. Jamani, tuwe wakweli. Mwaka 1798, kabla hata ya balbu ya umeme, daktari wa Kiskoti Alexander Crichton aliandika juu ya watu wasioweza kushika jambo moja, kila kishindo kinawahamisha mawazo. Miaka ya 1840 daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alitunga kitabu cha watoto. Ndani yake yumo Philipp, anabembea kitini mpaka anaanguka na kitambaa cha meza, vyakula na vyote.

Mwaka 1902 George Still aliwaeleza madaktari wenzake London kuhusu watoto wenye akili timamu ila hawawezi kujizuia. Akaiita kasoro ya maadili. Mwaka 1937, Rhode Island, Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto 30 dawa ya Benzedrine. Ajabu! Dawa ya kuchangamsha ikawatuliza wengi, na baadhi wakaanza kupenda masomo. Jina la leo, la upungufu wa umakini pamoja na utukutu, Wamarekani walilipitisha 1987.

Lakini hebu ona: Philipp yuko kitini. Je, mtu asiyeishi kitini? Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti juu ya Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Iko aina ya jeni ambayo kwingineko imehusishwa na hali hii. Wanaume wenye jeni hiyo waliokuwa bado wanahamahama na mifugo walinawiri kuliko wenzao. Wenye jeni hiyo hiyo waliokwisha kutulia kijijini walikonda kuliko wenzao. Jeni moja haimfanyi mtu, najua. Ila mahali nako kuna neno lake.

Hata jina lenyewe haligawiwi sawa. Utafiti wa Marekani wa 2013 ulionyesha kwamba watoto weusi walitambuliwa na madaktari mara chache kuliko weupe, hata tabia zilipofanana.

Na kwetu? Darasani tulimwita mwenzetu kichwa maji, na fimbo ndiyo ilikuwa daktari wake. Aliacha shule darasa la sita, yeye aliyeweza kufungua redio nzima, akairudisha, ikaimba.

Nyie mnaotunga hadithi, mtoto huyu mmemtumia vya kutosha kuchekesha watu. Sasa mpeni sura yake nzima, aseme mwenyewe.