Historia na Afya, Sehemu ya 6: Mwanao Anasomea Udaktari, Halafu Ugonjwa Unaingia

 

Wiki iliyopita kliniki ya watoto, mama mmoja alikuwa kwenye foleni ya mizani na mjukuu wake, akaniita pembeni. "Sista, binti yangu kachaguliwa chuo cha uuguzi. Baba yake hataki. Anasema corona ilikuja, kesho litakuja lingine, mtoto atatufia kwa mshahara mdogo. Angekuwa mwanao ungemruhusu?"

Nilimjibu kwa kifupi maana foleni ilikuwa ndefu. Jibu refu ndio hili. Na sitaanza na mimi, nitaanza na mdogo wangu.

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania, msafiri aliyeingia kwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza shule zifungwe, na tarehe 18 ikawa zamu ya vyuo. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, ndio kwanza ameanza kuzunguka wodini. Akafungasha begi lake Mwanza, akapanda basi kupitia Lamadi, akarudi nyumbani Nkololo.

Mnaijua Nkololo mwezi wa tatu. Pamba iko shambani, watu wanapalilia. Basi daktari wetu akashika jembe. Kila anayepita barabarani anamsimamisha: "Daktari, hivi huu ugonjwa ukoje? Nyungu inaponya? Barakoa ya kitambaa inatosha?" Alikuwa anajibu anachokijua, na ambacho hakijui anaangalia chini. Siku moja akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Dada, nasomea kazi ambayo siku inapohitajika, mimi naambiwa niende nyumbani."

Mimi nilidhani anaogopa kufa. Kumbe alikuwa na vitu viwili ndani, na vyote viwili vinamuuma: anaogopa kurudi wodini, na anaona aibu kwamba hayupo wodini.

Hakuwa peke yake. Wiki ile ile kule Marekani, chama cha vyuo vya udaktari kilishauri wanafunzi waondolewe kwa wagonjwa. Sababu zilieleweka: barakoa na gauni hazitoshi hata kwa waajiriwa, na mwanafunzi anaweza kuambukizwa au kuambukiza. Italia wakaenda njia nyingine kabisa. Hospitali za kaskazini zilikuwa zimezidiwa, serikali ikafuta mtihani wa mwisho wa leseni ili wahitimu wapya takribani 10,000 waingie kazini miezi kadhaa mapema. Yaani mwanafunzi mmoja anaambiwa "ondoka, utatuumiza", mwingine anaambiwa "njoo haraka, tumekwisha". Wote wana umri ule ule, na usiku wote wanajiuliza kitu kile kile: hivi hii kazi ni ya kwangu kweli?

Sasa turudi nyuma kidogo, maana swali hili lina miaka mingi.

Mwaka 1918, vita ya kwanza ya dunia ikiwa ukingoni, mafua makali yalizunguka dunia nzima, na Afrika Mashariki yalifika. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, madaktari na manesi wengi walikuwa wamechukuliwa jeshini. Chuo kikuu cha Pennsylvania kikasimamisha masomo, wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu wakapelekwa kwenye hospitali ya dharura kufanya kazi ya unesi. Mmoja wao aliitwa Isaac Starr. Walikuwa wamepewa somo moja tu kuhusu mafua hayo, basi. Anaingia zamu ya usiku, anakuta wagonjwa wanabadilika rangi wanakuwa bluu kwa kukosa hewa, na hana cha kuwapa zaidi ya maji, shuka safi na kuwashika mkono. Starr alikuja kuwa daktari na mtafiti mkubwa wa moyo. Lakini mwaka 1976, mzee kabisa, aliandika kumbukumbu za wiki zile. Karibu miaka 60 imepita na bado anazikumbuka. Mjue hilo akina mama: mtoto akirudi kutoka zamu kama hizo hazungumzi, si kwamba amekuwa na kiburi.

Kisa cha pili ni cha Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Huu haukuwa ugonjwa wa dunia nzima, ulikuwa mlipuko wa polio, ule ugonjwa tunaowapa watoto wenu matone wakiwa wadogo. Kwa wagonjwa wengi polio ilipanda ikapoozesha misuli ya kupumua, na hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache sana za kusaidia kupumua. Zaidi ya wagonjwa 80 katika kila 100 wa aina hiyo walikuwa wanakufa. Mwezi Agosti, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akaonyesha njia: toboa koo, weka mpira kwenye njia ya hewa, halafu mtu akamue mfuko wa hewa kwa mkono. Kamua, achia. Kamua, achia. Mchana na usiku, kwa wiki na wiki.

Nani atakamua? Wakaita wanafunzi. Takribani 1,500 walipita pale kwa zamu. Mwanafunzi anakaa pembeni ya kitanda masaa sita au nane, maisha ya mtoto yako kwenye viganja vyake. Vifo vikashuka hadi chini ya nusu. Wengine walishuhudia mgonjwa wao akifa huku bado wanakamua. Ila kuna kitu walikuwa nacho ambacho mdogo wangu hakuwa nacho shambani: walikuwa na kazi ya kufanya, wamefundishwa namna ya kuifanya, na yupo mkubwa wa kumuita mambo yakiharibika.

Tuje huku kwetu. UKIMWI nao ni janga la dunia, na Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa mwanafunzi wa uuguzi miaka ile ya themanini kuelekea mwisho. Alitusimulia walivyokuwa wanaosha glovu, wanazianika, wanazivaa tena. Akijichoma sindano, msichana analia usiku kucha, asubuhi anavaa gauni anarudi kazini, hamwambii mtu, hata mama yake. Dawa hazikuwepo. Ni kuanzia mwaka 2004 ndipo mpango wa serikali ulipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Leo mwanafunzi akijichoma anatakiwa aripoti hapo hapo, aanze dawa kinga haraka iwezekanavyo, isizidi masaa 72, anameza siku 28. Sindano ni ile ile, hofu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mahali pa kukimbilia.

Na jirani zetu Uganda. Mwezi Oktoba 2000, hospitali ya Lacor kule Gulu, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali hiyo, alikuwa Kampala anasoma shahada ya pili. Akapigiwa simu, akaacha masomo, akarudi. Alipoangalia mafaili akahisi ni Ebola, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa hata kabla majibu ya maabara hayajatoka. Wahudumu walipozidi kufa, wengine waligoma kwa hofu. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki. Wengi walibaki. Lukwiya mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko ule uliua watu 224.

Miaka 22 baadaye, Septemba 2022, Ebola ikaibuka Mubende, Uganda hiyo hiyo. Madaktari waliokuwa mafunzoni hospitalini pale waligoma, wakasema hawana vifaa vya kujikinga vya kutosha. Watu wengine waliwaita waoga. Tarehe 1 Oktoba 2022 akafariki kwa Ebola Dkt. Mohammed Ali, Mtanzania mwenzetu, miaka 37, aliyekuwa Uganda akisomea shahada ya pili ya upasuaji. Niliposikia habari ile nilikuwa zamu ya usiku. Nilikaa chini. Nikasema wale vijana wa Mubende hawakuwa waoga, walikuwa wanasema kweli.

Sasa ukiweka visa hivi pamoja, mama, utaona jambo moja. Hofu ilikuwepo kila mahali. Sijaona mlipuko hata mmoja ambao wanafunzi hawakuogopa. Hofu haimfanyi mtoto ashindwe kazi hii. Kinachomvunja ni vitu vingine: kukosa vifaa, kukosa mafunzo, kudanganywa, na kuachwa peke yake. Pale wakubwa wao walipowapa kinga, wakawafundisha, wakawaambia ukweli na kusimama nao, wengi walibaki. Pale walipoachwa, waliumia, na wengine waliacha. Siwalaumu.

Mdogo wangu je? Vyuo vilitangazwa kufunguliwa tarehe 1 Juni 2020. Wiki ya mwisho ya Mei akamwambia mama hatarudi. Mama akanipigia simu analia, nikaenda Nkololo siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa nimejiandaa kumpa hotuba ya ujasiri. Nilipomuona nikaona hotuba haifai. Nikamwambia ukweli wangu: kwamba mimi nilikuwa narudi kazini, navua nguo uani, naoga kwanza, mwanangu analia mlangoni anataka nimbebe na mimi simgusi. Kwamba kuna siku nilivaa barakoa moja zamu mbili. Kwamba naogopa.

Akaniangalia. "Kumbe hata wewe?"

Hata mimi. Tukakaa kimya. Halafu akaanza kuuliza maswali ya kazi: barakoa unaivua kuanzia wapi, mikono unanawa saa ngapi, mgonjwa akibanwa na kifua unamkaa upande gani. Nikamwonyesha pale pale uani, kwa kitambaa cha kanga na ndoo ya maji. Mama anatuangalia. Tarehe 1 alikuwa kwenye basi. Na mkumbuke, wakati huo chanjo hakuna. Rais Samia alizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, na watumishi wa afya tulikuwa kwenye makundi ya kwanza. Mwaka mzima na zaidi vijana wale walizunguka wodini bila chanjo.

Leo ni daktari. Rafiki yake mmoja hakurudi, sasa ana duka la pembejeo na anaishi vizuri. Wote wawili nawaheshimu.

Kwa hiyo, mama wa foleni ya mizani, kama unasoma, na umsomee baba watoto. Jibu langu ni ndiyo, ningemruhusu. Lakini nisingemwambia "usiogope". Ningemuuliza na kumfuatilia haya:

Amechanjwa homa ya ini aina ya B kabla hajaingia wodini? Chanjo ile ni dozi tatu, aanze mapema.

Chuo kimemfundisha namna ya kuvaa na kuvua vifaa vya kujikinga, kwa vitendo na si kwa daftari tu?

Akichomwa na sindano, anajua aripoti kwa nani, hata kama ni saa nane usiku?

Akiwa zamu, kuna nesi au daktari mwenye leseni anayemsimamia? Mwanafunzi asiachwe na wodi peke yake.

Na la mwisho ni la kwako wewe, si la chuo. Akirudi nyumbani akakaa kimya, usimwambie "si ulitaka mwenyewe?" Mwekee chakula. Kaa naye. Akiwa tayari ataongea.

Na nyinyi mnaokuja kujifungua, mkimuona binti amevaa sare ya uanafunzi, mkono unamtetemeka kidogo anapopima presha, mna haki ya kuuliza anasimamiwa na nani. Ulizeni kwa upole. Kuna mama mmoja zamani aliniambia, "Pima tu mwanangu, mimi sina haraka." Nilikuwa mwaka wa kwanza. Mpaka leo nikichoka namkumbuka.

Wenye watoto vyuoni, hebu niambieni hapo chini: mwaka 2020 mwanao alirudi na neno gani nyumbani? Nitasoma yote nikitoka zamu. Sehemu ya 7 tutazungumzia chanjo ya surua, ilianzaje na kwa nini bibi zetu walikuwa hawahesabu watoto mpaka surua ipite.

Mbarikiwe, na mnawe mikono.